Mchwa na Donge la Unga

Mtoto alikuwa na jina zuri kwenye cheti chake, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Mchwa. Alikuwa anakaribia miaka miwili, na kila alichokiona alikipeleka mdomoni. Alikwisha kutafuna kona ya kitabu, kamba ya kiatu cha baba yake na kipande cha sabuni. Sabuni aliitema mwenyewe, baada ya kujuta. Mchwa hachagui mbao, na huyu naye hakuchagua.

Mama yake alikuwa fundi wa kushona nguo. Majirani walimwita Fundi tu. Alifanya kazi nyumbani, sebuleni, cherehani yake ikiwa karibu na dirisha. Chumba hicho kilikuwa na vitu vyote ambavyo Mchwa hakutakiwa kuvifikia. Kulikuwa na vifungo, pini, chaki na vipande vya nyuzi. Fundi alishona jicho moja likiwa kwenye sindano na jingine kwa mtoto. Siku nyingine jicho la sindano lilishinda.

Asubuhi moja Mchwa alimeza kifungo cha shati. Wazazi wake walimkimbiza zahanati. Waliambiwa wasubiri, na kweli kifungo kilitoka salama kwa njia yake ya kawaida. Baadaye Fundi aliweza kulicheka jambo lile. Mumewe hakucheka.

Mumewe alikuwa mwokaji wa mikate. Alikuwa mtu mpole, lakini akishika neno haliachi.

"Mama Mchwa," alisema, "huyu akimeza kitu kingine, nampigia mama simu aje amchukue. Kule kwa mama hakuna vifungo."

"Kule kwa mama yako kuna mawe, kuku na mashimo," alijibu Fundi. "Kisichokuwepo ni mama yake mtoto."

"Una mikono miwili tu, mke wangu."

"Na hiyo miwili inatosha."

Alisema hivyo kwa sauti ya kujiamini. Hata hivyo maneno ya mumewe yalimchoma. Kwa mama mkwe kulikuwa mbali, safari ya kutwa nzima. Mchwa akienda huko, Fundi angemwona mara chache kwa mwaka. Hakumzaa mtoto ili amsikie kwenye simu.

Fundi alikaa akafikiri. Aliona kwamba Mchwa hakuwa mtundu. Mikono yake ilikosa kazi, basi.

"Mtoto anataka kitu cha kufinyanga na kubonyeza," alimwambia mumewe. "Mikono ikipata kazi, mdomo utapumzika."

Mwokaji alitabasamu. "Hilo tu? Mtoto wa mwokaji akose cha kufinyanga? Hiyo itakuwa aibu yangu."

Kesho yake mchana alirudi na donge la unga wa ngano ndani ya mfuko. Lilikuwa limebaki kazini. Lilikuwa jeupe, laini, linavutika vizuri.

"Na akilila?" aliuliza Fundi.

"Atakuwa amekula mkate. Donge ni mkate ambao haujafika, mama."

Fundi alicheka. Maneno ya mtu anayejua kazi yake ni rahisi kuyaamini. Alimwekea Mchwa donge kwenye sinia, akarudi kwenye cherehani. Alishona mikono yote miwili ya gauni bila kuinua kichwa. Ilikuwa raha ambayo hakuipata tangu mtoto ajue kutambaa.

Alipoinua kichwa, donge lilikuwa limebaki nusu.

"Nusu nyingine iko wapi?" aliuliza.

Mchwa alifungua mdomo akaonyesha. Lililokuwa mle ndani lilikuwa kidogo tu. Sehemu kubwa ilikuwa imeshashuka tumboni.

"Si neno," alisema Mwokaji kutoka jikoni. "Ni mkate huo."

Kabla ya jua kuzama, tumbo la Mchwa lilikuwa limejaa na kuwa gumu. Mtoto alilia huku akikunja miguu. Kisha alitapika, na matapishi yalinuka hamira. Mwokaji aliijua harufu ile, kwa sababu alishinda nayo kila siku.

Mlango wa pili aliishi Muuguzi, mama mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi. Alifanya kazi kwenye wodi ya watoto. Fundi alimbishia hodi, naye alikuja akiwa bado na kijiko mkononi.

"Amekula nini?" aliuliza huku akimpapasa Mchwa tumbo.

"Donge la mkate," alijibu Fundi.

"Lililookwa?"

"Bichi."

"Lina hamira?"

Fundi alimtazama mumewe. "Lina," alisema Mwokaji, akiangalia sakafu.

"Basi haya maswali tutayamalizia njiani," alisema Muuguzi. "Mtoto mdogo akitapika na tumbo likakaza hivi, hatukai nyumbani kubahatisha. Tumpeleke hospitali."

Mchwa alipokelewa, akapimwa, akaangaliwa mpaka tumbo likalegea. Alirudi nyumbani amelala begani kwa mama yake. Wote walishukuru. Lakini kabla Fundi hajamlaza vizuri, alimsikia mumewe anazungumza kwenye simu nje ya mlango.

"Ndiyo, mama. Siku yangu ya mapumziko. Njoo umchukue."

Fundi hakugombana naye. Angeweza kumkumbusha donge lililetwa na nani. Aliyameza maneno hayo, maana kurushiana lawama kusingemponya mtoto wala kumbakiza. Alijiambia kwamba ana siku chache mbele yake, na kwamba atazitumia. Mtoto wake hatoki.

Mchana uliofuata alimwendea Muuguzi.

"Dada, nataka mwanangu awe na donge lake," alisema. "Lakini liwe la kuchezea ambalo hata akimeza kidogo halimdhuru. Lipo?"

"Lipo. Kule wodini nawafanyia watoto kila wiki. Wakifinyanga wanasahau kulia, na vidole vyao vinapata nguvu. Nitakufundisha. Mwite na bwana mkubwa wa mikate."

"Atakuja kweli?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwambie aje ainame."

Mwokaji alikuja. Walikusanyika jikoni kwa Fundi, Mchwa akiwa mgongoni kwa mama yake. Mwokaji alisimama karibu na mlango, mikono kifuani.

"Mimi sijaelewa jambo moja," alisema. "Unga ni ule ule, maji ni yale yale. Kwa nini mkate haumuumizi, ila donge lilimuumiza?"

"Swali zuri," alisema Muuguzi. "Wewe ukitaka donge lako liumuke, unaliweka wapi?"

"Mahali penye joto."

"Hapo hamira inafanya nini?"

"Inatoa hewa. Donge linapanda."

"Na tumboni mwa mtoto ni baridi au joto?"

"Kumbe limeumukia mle ndani," alisema Mwokaji polepole.

"Hamira ni kitu hai. Haijui kama iko kwenye beseni au tumboni. Moto wa tanuri ndio unaoinyamazisha." Muuguzi alichukua pakiti ya unga akaiweka mezani. "Na kuna jambo la pili. Hata bila hamira, unga mbichi si wa kula. Ngano inatoka shambani. Ndege wanapita juu yake na panya chini yake. Kusaga hakuui vijidudu. Unga unaonekana mweupe na safi, lakini bado haujapita kwenye moto."

"Miaka yote hii mimi nalamba kidole kazini," alisema Mwokaji.

"Na miaka yote hii una bahati. Acha."

Fundi alicheka mpaka Mchwa akacheka naye mgongoni.

"Mimi nilisikia kwamba watu hutia chumvi nyingi ili donge lisioze," alisema Fundi.

"Ni kweli wapo. Lile ni la watoto wakubwa, wanaojua kwamba cha kuchezea hakiliwi. Kwa Mchwa, hapana. Chumvi nyingi ni hatari kwa mwili mdogo. Akimeza matonge machache tu ya lile anaweza kuzidiwa vibaya. La kwake tunatia punje chache au tunaacha kabisa. Kwanza, tunawe mikono."

Walinawa kwa sabuni. Muuguzi alimwambia Fundi apime vikombe viwili vya unga, akavimimina kwenye sufuria. Akaongeza kikombe kimoja na nusu cha maji, vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia na maji ya ndimu moja. Fundi alikoroga mpaka mabonge yote yakavunjika. Mchanganyiko ulikuwa mwepesi, unamwagika.

"Samahani," alisema Mwokaji, "hapo mnafanya donge au mnapika uji?"

"Subiri uone uji wetu."

"Mimi ningetia kidogo tu..." Mkono wake ulikuwa tayari umefika rafuni, na ulikuwa umeshika kopo la hamira. Hakuwa hata ameutuma. Muuguzi alimpiga kofi jepesi mkononi.

"Mazoea yana taabu," alisema. "Rudisha kopo."

Mwokaji alirudisha kopo. Ili kuficha haya, aliomba akoroge yeye. Sasa, mwokaji amezoea tanuri, na tanuri haliogopi moto. Aliongeza moto hadi mwisho. Chini kukaungua, juu kukabaki kubichi, na jikoni kukajaa moshi. Muuguzi aliiondoa sufuria motoni.

"Hilo tulihesabu kuwa la majaribio," alisema Mwokaji.

La pili alilipika Fundi. Alitumia moto mdogo na mwiko, akakoroga bila kuacha. Taratibu mchanganyiko ulianza kuwa mzito. Ukashikana. Ukaachana na kuta za sufuria, ukawa bonge moja linalozunguka na mwiko. Weupe wa unga mbichi ulikwisha, na bonge likawa na rangi iliyofifia.

"Endelea kidogo," alisema Muuguzi. "Tunataka liive hadi katikati. Likate ulione ndani. Kukiwa na unga mkavu au majimaji, bado."

Fundi alilikata. Ndani palikuwa sawasawa na nje. Waliliweka mezani, wakalifunika kwa kitambaa safi chenye unyevu, wakaliacha lipoe. Donge moto linaunguza ndani hata kama nje limepoa, kwa hiyo Fundi alilijaribu kwanza kwa kulivunja katikati. Lilipopoa, Mwokaji aliweka viganja vyake juu yake, akalikanda. Kwa mara ya kwanza siku ile aliiona kazi anayoijua.

"Laini," alikiri. "Laini kweli. Na halinati."

Waliligawa mara mbili. Sehemu moja walitia manjano kidogo. Nyingine walitia maji ya mchicha uliochemshwa na kukamuliwa.

"Nitie na asali kidogo?" aliuliza Fundi. "Lisimkere mdomoni."

"Tunataka limkere. Ukilitia utamu atalila lote. Hili ni la kuchezea, dada, si chakula. Asali usimpe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Na karanga usitie, kuna watoto zinawadhuru vibaya. Hata ngano kuna watoto inawadhuru. Mchwa anakula mkate kila siku, kwa hiyo huyu tunamjua. Mtoto wa jirani akija kucheza, muulize mama yake kwanza."

"Litakaa muda gani?"

"Halina chumvi, kwa hiyo halikai. Lifunike vizuri. Ukiwa na friji, siku mbili au tatu. Usipokuwa nayo, jioni litupe. Likinuka, likiteleza au likipata madoa, litupe bila kuuliza mtu."

Fundi alifurahi. Alimshusha Mchwa chini, akampa donge la njano. "Sasa nitashona kwa amani," alisema. "Yeye na donge lake, mimi na cherehani yangu."

Muuguzi alitikisa kichwa. "Hapo sasa unarudi kule kule. Donge halilei mtoto. Hata lililopikwa linaweza kumkaba akimeza bonge kubwa. Usimpe vipande vidogo vidogo vya kumeza, na usimwache peke yake nalo hata kidogo."

Fundi alikaa kwenye kigoda. Alikuwa ametafuta kitu cha kumpumzisha, na sasa anaambiwa akae macho. Aliitazama sebule yake, akaipima kwa macho kama anavyopima kitambaa kabla ya kukata.

"Sawa," alisema mwishowe. "Nitaikata upya siku yangu."

Na aliikata. Kwanza, alipeleka vifungo, pini na chaki kwenye makopo yenye vifuniko, juu ya kabati. Alifagia chini ya cherehani, akapitisha sumaku kwenye sakafu kuokota pini zilizojificha. Kisha aligawa kazi. Kushona kwa mashine, kunakotaka macho yote, alikuweka wakati Mchwa amelala. Kazi ya mkono, kama kukunja pindo, aliiweka wakati Mchwa anacheza. Alitandika mkeka, akakaa chini karibu na mtoto, sinia ikiwa mbele yao. Pini zilizokuwa kwenye pindo alizitoa mapema, akatumia uzi wa kushikiza. Sindano yake moja haikutoka mkononi, na alipoinuka aliichomeka kwenye kola ya gauni lake. Akienda jikoni, donge lilifunikwa na mtoto alikwenda naye.

Siku ya kwanza Mchwa alilitafuna donge, akakunja uso, akalitema. Siku ya pili aliliramba tu. Halafu akagundua kwamba likibonyezwa linabaki na shimo la kidole. Alibonyeza mashimo asubuhi nzima. Fundi alimaliza pindo za sketi tatu, na roho yake ilitulia.

Mama mkwe alifika asubuhi kwa basi la usiku, siku ya mapumziko ya mwanawe. Alikuwa mwanamke mrefu, mnyofu, asiyepindisha maneno.

"Shikamoo, mama," alisema Fundi.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia hapa mtoto analishwa unga mbichi."

"Ni kweli alikula, mama. Aliyeuleta ni mwanao, na aliyeupokea ni mimi. Kosa hilo tulilila sahani moja."

Bibi yake Mchwa aliketi mkekani bila kuvua mtandio. Fundi alileta sinia. Mchwa alilikamata donge la kijani, akalipeleka moja kwa moja mdomoni.

Bibi alinyanyuka nusu. "Mtoe. Anakula tena huyo."

"Mwache, mama. Namwona." Sauti ya Fundi ilikuwa tulivu, na mkono wake ulikuwa karibu na mtoto. "Hilo nimelipika mwenyewe. Halina hamira, halina chumvi ya kumdhuru, na limeiva."

"Limeiva? Basi kula wewe."

Fundi alimega kipande, akala. Bibi alinyoosha mkono, akamega na yeye. Alitafuna taratibu, akameza kwa shida.

"Halina ladha hata kidogo," alisema.

"Ndiyo siri yake, mama. Mtazame."

Mchwa alikuwa amelitoa donge mdomoni mwenyewe. Alilibandika kwenye sinia, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalikunja. Alifanya hivyo kwa bidii, ulimi nje.

"Na ukienda jikoni?" aliuliza Bibi.

"Naondoka na mtoto."

"Na vifungo?"

"Juu ya kabati. Hata mimi navifikia kwa kupanda kigoda."

Bibi aliuliza mengine, kuhusu choo, ndoo za maji na jiko. Fundi alijibu kila swali bila kusita, kwa sababu kila jambo alikuwa amelifikiria kabla ya kuulizwa. Mwokaji alisikiliza kutoka mlangoni.

Mchana Mchwa alisinzia, akalazwa. Fundi alinawa mikono, akaenda kwenye cherehani yake kama kawaida ya siku. Bibi alikaa akimtazama anavyoshona. Baadaye alisimama, akachukua mkoba wake.

"Nisindikize kituoni, niwahi basi la usiku," alimwambia mwanawe.

"Na mtoto?" aliuliza Mwokaji. "Hatujamfungia nguo zake."

"Mtoto amelala kwao. Usimwamshe."

Cherehani ilisimama. Bibi alimgeukia mwanawe, na sauti yake ikashuka.

"Wewe ulipokuwa na umri wa huyu, mimi nilikuwa na kazi nyingi. Nilikupeleka kwa bibi yako. Ulilelewa vizuri, sikatai. Uliporudi kuanza shule, ulinipa mkono ukaniita dada." Alirekebisha mtandio wake. "Sikukusahihisha. Nilikwenda jikoni nikalia. Sijawahi kukwambia."

Mwokaji aliuchukua mkoba kutoka mkononi mwa mama yake. Fundi alikuwa ameinamia kitambaa, na machozi yalimtoka bila kuyazuia.

"Nitakuja kuwaona," alisema Bibi. "Nitakuja kucheza na huyo mwenye donge. Kumchukua, hapana."

Walitoka. Nyayo zao zilikuwa bado zinasikika uani wakati mtoto alipoamka chumbani. Hakulia. Aliita tu, kwa sauti ya usingizi: "Mama."

"Naam, mwanangu," alijibu Fundi, akaenda kumchukua.